Kodi ni ya Anayebeba Paa: Historia ya Nyumba za Kupangisha Pwani Yetu



Ndugu zangu, wiki hii nimepokea swali la dada mmoja mjane, na ameniruhusu nilitoe hapa bila kumtaja. Marehemu mumewe ameacha nyumba ya vyumba sita, bati zake zimechoka, na pembeni kipande cha kiwanja. Anataka kuezeka upya, kisha ajenge vyumba vinne vya kupangisha ili apate cha kusomeshea watoto. Hana pesa. Afisa wa benki amemwambia akope kwa riba, alipe kwa miaka mitano. Jirani yake, mtu wa safu ya mbele msikitini, akamwambia riba ni haramu, afadhali amuuzie yeye hiyo nyumba kwa milioni 20. Dada aendelee kukaa humo na kumlipa kodi ya laki tatu kila mwezi, na siku atakayorudisha milioni 20 nyumba itakuwa yake tena. Dada anauliza: shekhe, hii ya pili si ndiyo ya halali?

Huenda yule jirani mwenyewe hajui, lakini mkataba anaoutaja una umri wa zaidi ya miaka mia tisa, na umekula nyumba na mashamba mengi ya wazee wetu kuanzia Lamu mpaka Unguja. Kwa hiyo sitajibu kwa mstari mmoja. Weka kahawa yako karibu, tutakwenda pole pole.

Kwanza kuna jambo ambalo dada hakuliuliza nami siwezi kulipita. Nyumba ile si yake peke yake. Mume amefariki na ana watoto, basi mke ana thumni, yaani moja ya nane, na iliyobaki ni ya watoto pamoja na wazazi wa marehemu kama wapo hai. Wakiwemo watoto wadogo, mali yao ni mali ya yatima. Hawezi mtu kuja mlangoni akanunua nyumba nzima kwa mwenye moja ya nane, hata awe na nia njema namna gani. Mirathi igawanywe kwanza, iandikwe, kila mtu ajue chake. Nimeona familia zikijenga vyumba vya kupangisha juu ya mali isiyogawanywa, na kodi ya mwezi wa kwanza tu ikawagombanisha ndugu waliokula sahani moja.

Sasa turudi kwenye nyumba.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kisa cha mtu aliyenunua mtumwa, akakaa naye na kumfanyisha kazi, kisha akagundua kasoro. Kesi ikafika kwa Mtume (S.A.W.), akaamuru mtumwa arudishwe. Muuzaji akalalamika: mbona huyu ameshafaidika na kazi ya mtumwa wangu? Jibu la Mtume (S.A.W.), kwa maana yake, ni kwamba mapato humfuata yule aliyekuwa amebeba dhamana. Kwa siku zote zile, mtumwa angekufa, hasara ingekuwa ya mnunuzi. Kwa hiyo na faida ya siku zile ni yake. Hadithi hii imo kwa Abu Dawud na Tirmidhi, na mafakihi wameifanya kuwa kanuni.

Ishike kanuni hiyo, maana ndiyo ufunguo wa biashara nzima ya kupangisha. Kwa nini mwenye nyumba anakula kodi wala isiitwe riba? Kwa sababu nyumba ikiungua, imeungua yake. Bati likipeperuka na upepo wa kusi, limepeperuka lake. Ukimwona mtu anakula kodi ya nyumba na habebi paa lake, simama uulize.

Wanafunzi wa zamani wa madrasa zetu wanaikumbuka Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277. Ndicho kitabu walichokitegemea makadhi wa Kishafii wa pwani hii. Katika mlango wa ijara, Imamu anaeleza kuwa kumkabidhi mpangaji ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba, na matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Asipotengeneza, mpangaji ana hiyari ya kuvunja mkataba. Kisha anasema kuondoa theluji juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, bali kusafisha theluji na takataka uwanjani ni kazi ya mpangaji. Tulipokuwa vijana tulicheka sana hapo. Theluji, hapa pwani! Imamu alikuwa mtu wa Sham, na kwao theluji huanguka. Lakini angalia mgawanyo wake: kinachohusu uhai wa nyumba ni cha mwenye nyumba, kinachohusu matumizi ya kila siku ni cha mpangaji. Badilisha theluji uweke majani ya mwembe yanayoziba mfereji wa paa, utapata jibu la ugomvi wa nusu ya nyumba za mtaani kwako.

Tuje kwa jirani.

Karne ya tano Hijria, kule Bukhara na miji jirani, watu walibanwa na madeni. Mwenye pesa hakutaka kukopesha bure na mwenye shida hakutaka kutamka riba. Ikazuka bei iitwayo bei ya wafaa: nakuuzia nyumba yangu kwa sharti kwamba nikikurudishia pesa yako, unanirudishia nyumba. Baadhi ya Mahanafi wa huko waliikubali kwa kuona haja ya watu, wengine wakaikataa. Hadhramaut ikaitwa bei ya uhda, na wako maulamaa wa Kishafii wa huko walioipitisha kwa masharti, hasa kwamba ahadi ya kurudisha isiwe ndani ya mkataba wenyewe. Oman ikajulikana kama bei ya hiyari, na maulamaa wao nao walijadiliana juu yake. Hadhramaut na Oman ndiko walikotoka wengi waliofanya biashara na kukaa pwani yetu. Basi bei hiyo ikapanda jahazi pamoja na tende na papa mkavu.

Katika karne ya 19, Unguja ikinukia karafuu, bei ya hiyari ilikuwa ndiyo rehani ya mji. Hati zake zimejaa kwenye nyaraka za Zanzibar. Ilikwenda hivi. Tuseme una nyumba ya thamani ya reali 3,000 na unahitaji reali 1,000 kuandaa msafara au kuchuma karafuu. Unamwendea mwenye fedha. Anakuandikia kwamba amenunua nyumba kwa reali 1,000, na wewe una hiyari ya kuikomboa ndani ya miaka miwili. Siku hiyo hiyo unaandika hati ya pili: unaikodi nyumba yako mwenyewe kwa reali 150 kwa mwaka. Hujahama hata mkeka. Jioni unalala pale pale ulipoamkia, ila sasa wewe ni mpangaji.

Karafuu zikija vizuri, unakomboa. Zikiharibika, unakosa reali 1,000 na kodi ya mwaka imekulimbikia. Unaongezewa muda na deni linaongezeka. Muda ukiisha, nyumba ya 3,000 imekwenda kwa 1,000. Waliokuwa wakitoa fedha hizo wengi walikuwa wafanyabiashara kutoka India, lakini tusidanganyane kwa kuwatupia wao peke yao. Walikuwemo pia Waislamu waliosali nasi, Waarabu kwa Waswahili, wakikaa baraza moja na wadeni wao. Madeni ya wenye mashamba yalizidi hadi mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ikatunga sheria za kuzuia mashamba yao yasihamie kwa wakopeshaji. Kufikia hapo wengi walikuwa wameshanyolewa.

Ipime kwa kanuni yetu. Yule mwenye reali 1,000 anaitwa mnunuzi. Nyumba ikianguka, je, atasema imeanguka yangu, pesa yangu imekwenda? Hata kidogo. Atakuja kudai reali zake 1,000. Basi hakununua nyumba, alikopesha. Na ile 150 aliyoiita kodi ni ziada juu ya mkopo. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lililokutana Jeddah, lilitoa uamuzi kwamba bei ya wafaa haijuzu, kwa kuwa uhakika wake ni mkopo unaovuta manufaa.

Kwa hiyo dada yangu, laki tatu kwa mwezi ni milioni tatu na laki sita kwa mwaka juu ya milioni 20. Hiyo ni asilimia 18. Kaulize benki, huenda usikute tofauti kubwa, ila benki inakwambia wazi kuwa ni riba, na jirani amekuvalia kanzu. Sisemi amekusudia kukudhulumu. Huenda alisikia watu wa zamani wakifanya akadhani ndiyo njia ya Waislamu. Mwonyeshe maandishi haya, kisha mwambie kama anataka kheri na faida kwa pamoja, mlango upo: mkishamaliza mirathi, na wenye haki wakiridhia, atie pesa yake kwenye vile vyumba vinne vipya kama mshirika. Thamani ya kiwanja na pesa yake vihesabiwe, mjue nani ana fungu gani. Kodi igawanywe kwa mafungu, na matengenezo na hasara vigawanywe kwa mafungu hayo hayo. Ukipata nafasi unanunua fungu lake kidogo kidogo kwa bei ya siku hiyo. Vyumba vikiungua, mmeunguliwa wote. Akikataa sentensi hiyo ya mwisho, umeshamjua.

Na wale mtakaokwenda benki zinazofuata sharia, kwa mfano Amana iliyofungua milango hapa Tanzania mwaka 2011, msiridhike na jina la Kiarabu juu ya fomu. Uliza swali lile lile: katika muda wa mkataba nyumba ni ya nani, na ikianguka bila kosa langu hasara ni ya nani? Soma jibu kwenye karatasi, sio kwenye tabasamu la afisa.

Mtu ataniuliza, sasa masikini wa pwani walijengaje? Maana walijenga. Hili ndilo ninalolipenda zaidi katika historia hii.

Tazama Kariakoo ya Dar es Salaam. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita mtaa ule ukajaa nyumba tunayoiita ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani penye jiko, choo na stoo. Nyumba hiyo ni ya familia, na ni ya biashara pia. Mwenyewe anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha, kila chumba na mpangaji wake, wote wanatumia uani mmoja. Wenye nyumba hizo hawakuwa matajiri. Mabaharia, makarani, wauza samaki, na si wachache walikuwa wanawake, walioachika au wajane kama dada yetu, waliogeuza mkufu wa dhahabu kuwa boriti na udongo.

Alianza na vyumba viwili. Kodi ya kimoja ikanunua fito za cha tatu. Makuti yakakaa miaka, kisha bati. Udongo ukapigwa lipu, baadaye likaja tofali. Hakuna aliyekuwa na ramani ya miaka mitano, lakini hakuna aliyelala akiogopa mnada. Mwenye nyumba kuishi humo humo nako kulikuwa na faida: paa likivuja, linamvujia na yeye.

Na fedha ya mkupuo ilitoka kwenye upatu. Wengine mnaita mchezo, wengine kibati. Watu kumi wanatoa kiasi sawa kila mwezi na mmoja anapokea chote kwa zamu. Kila siku naulizwa kama ni halali. Ndugu zangu, swali hili limeshaulizwa Misri zamani. Qalyubi, aliyefariki mwaka 1069 Hijria, katika maelezo yake pembezoni mwa sherehe ya Minhaji hiyo hiyo, ametaja mchango mashuhuri baina ya wanawake, kila mmoja anatoa kiasi na mmoja anachukua kwa zamu, akasema unajuzu kama alivyosema Waliyuddin al-Iraqi. Huyo al-Iraqi alifariki Kairo mwaka 826 Hijria. Basi akina mama wa upatu wana fatwa ya miaka mia sita mfukoni. Sharti ni kila mtu apokee sawa na alichotoa, hakuna kuuziana zamu kwa ziada.

Ipo njia nyingine inayopendwa sana sasa, nayo ina historia yake. Umepandisha ukuta, pesa imekwisha, anakuja mtu anasema nikupe kodi ya miaka miwili, umalizie, nikae. Istanbul katika karne za 16 na 17 ilikuwa ikiungua mara kwa mara, na majengo ya wakfu hayakuwa na fedha ya kujengwa upya. Wakabuni mkataba wa ijara mbili: mpangaji atoe fedha nyingi mwanzoni, takriban thamani ya jengo, kisha alipe kodi ndogo sana kila mwaka bila kikomo. Majengo yakasimama, kweli. Lakini baada ya vizazi viwili mpangaji alikuwa ndiye mwenye nyumba kwa vitendo, anarithisha, na wakfu ukabaki na senti zisizotosha hata kununua msumari. Pale Misri na Sham ilitokea namna kama hiyo kwa mkataba wa hikri. Kwa kuogopa mambo ya namna hiyo, Mahanafi walikuwa wameshaweka mpaka kwamba nyumba ya wakfu isikodishwe zaidi ya mwaka mmoja kwa mkataba mmoja, na ardhi miaka mitatu.

Sisemi usipokee kodi ya miezi sita. Nasema mambo mawili. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kukodisha kitu maalumu kwa muda ambao bado haujaanza hakusihi. Chumba kisicho na paa huwezi kukikabidhi leo, kwa hiyo kimalize kwanza ndipo uandike ijara. La pili, kodi ya miaka miwili ukiila leo, bati likitoboka mwakani utalitengeneza kwa nini? Mpangaji hatakulipa mara ya pili.

Na kabla hujaweka hata tofali, jua unamiliki nini. Ng'ambo ya Unguja itufundishe hapa. Upande ule wa pili wa mkono wa bahari walikaa watumwa walioachwa huru, wavuvi, wafanyakazi, wageni kutoka bara. Nyumba zilikuwa zao, wamezijenga kwa mikono yao. Ardhi ilikuwa ya wengine, nyingine ya wakfu. Zamani wengi walikaa bure au kwa kitu kidogo cha heshima kwa mwenye ardhi. Fiqhi yetu inakubali jengo kuwa la huyu na ardhi kuwa ya yule. Mji ulipokua, ardhi ikawa biashara, na miaka ya 1920 kodi ya viwanja ikapanda hadi watu wakashindwa. Unamiliki nyumba, na mwenye ardhi anaweza kukwambia vunja uondoke. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, wanaume na wanawake, miezi kwa miezi, wengine wakafikishwa mahakamani, na mwisho serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi hizo zisipande ovyo.

Leo mtu ananunua kiwanja pembezoni mwa mji kwa karatasi ya dalali na mashahidi wawili, kesho anapandisha vyumba vinane. Muulize karatasi yake inasema amenunua ardhi au miti, mpaka uko wapi, ndugu wa muuzaji wamesaini? Anakujibu, shekhe, tunaaminiana. Watu wa Ng'ambo nao waliaminiana na wenye ardhi. Walioaminiana walikufa, wakaja warithi.

Nimetaja wakfu, na hapo ndipo ilipo shule ya kusimamia nyumba za kupangisha. Wakfu wa kwanza mashuhuri ni wa Sayyidna Umar (R.A.), alipopata ardhi Khaibar akamuuliza Mtume (S.A.W.) aifanyie nini. Akaelekezwa aizuie asili yake na matunda yake yatolewe sadaka: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mji Mkongwe wa Unguja umejaa mfano huo, maduka na nyumba zilizowekwa ili kodi yake iwashe taa za msikiti, ilipe mwalimu, ichimbe kisima, isaidie masikini.

Imamu Nawawi katika Minhaji anaorodhesha kazi za msimamizi wa wakfu: kukodisha, kutengeneza, kukusanya mapato, kisha kuyagawa. Kugawa ndiko kunakokuja mwisho. Na katika Hidaya ya Mahanafi limesemwa wazi kuwa mapato ya wakfu yaanze kwenye matengenezo yake, awe aliyeweka wakfu amelitaja hilo au hakulitaja. Hata kama kodi imewekwa kwa mayatima, bati kwanza, kisha mayatima. Anayeona ni ukatili ajiulize hao mayatima watakula nini nyumba ikishalala chini.

Sasa angalia yaliyotupata tulipoiacha kanuni hiyo. Waingereza waliunda Kamisheni ya Wakfu Zanzibar mwaka 1905, na wakfu ukawa kazi ya ofisi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikawa za serikali, wapangaji wakaingia kwa kodi ndogo mno. Kodi ndogo ilikuwa rehema kwa masikini, sikatai. Lakini nyumba ya mawe ya Unguja inasimama kwa chokaa na boriti za mikoko. Maji yakipenya juu, boriti inaoza kimya kimya ndani ya dari, na siku moja usiku sakafu nzima inashuka. Kodi haikutosha kununua chokaa, mpangaji alisema si yangu, ofisi ikasema hatuna fungu. Mji ulioingizwa mwaka 2000 katika Urithi wa Dunia umepoteza majumba kwa namna hiyo.

Bara nako kodi ilipita kwenye mtihani wake. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba anayekula kodi ananyonya. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Zile nyumba ndogo za vyumba sita, ambazo mwenyewe anakaa humo na wapangaji wake, nyingi zilikuwa chini ya kiwango hicho. Siasa ya jambo lile waachie wenyewe. Mimi naona kwamba lawama ya unyonyaji humpata haraka mwenye nyumba anayejulikana kwa siku ya kudai kodi tu.

Tufanye hesabu ya mtu anayeanza. Tuseme una vyumba sita, kila kimoja 50,000 kwa mwezi. Karatasini ni 300,000, kwa mwaka 3,600,000. Usiitumie hesabu hiyo, ni ya ndoto. Chumba kimoja kitakaa kitupu miezi miwili, na mpangaji mmoja atakuomba umvumilie, nawe ni Muislamu, utamvumilia. Chukua kwamba umepata kodi za miezi kumi, milioni tatu. Hapo ondoa laki tano za matengenezo kabla hujanunua hata unga, uziweke mahali ambapo mkono wako haufiki kirahisi. Mwaka ambao hakuna kilichoharibika usizile, zikae, maana choo kikijaa na bati likitoboka huja pamoja. Ondoa na kodi za serikali. Kinachobaki ndicho riziki yako. Ukiona hakitoshi, basi biashara hii haikutoshi kwa sasa, na ni afadhali ujue leo kuliko baada ya kukopa.

Mkataba uandikwe, hata mpangaji akiwa mpwa wako. Kiasi, muda, nani analipa umeme na maji, na ukimtaka ahame unampa notisi ya muda gani. Hali ya chumba siku ya kukabidhi iandikwe pia, kwa sababu mpangaji ana mkono wa amana: kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida halipi, alichoharibu kwa uzembe analipa, na bila maandishi mtagombana kipi ni kipi.

Wengi mnauliza zaka. Nyumba yenyewe ya kupangisha haina zaka kila mwaka kwa thamani yake. Zaka iko kwenye kodi ulizokusanya, zikifika nisabu na zikazungukiwa na mwaka mikononi mwako. Fungu lile la matengenezo nalo likikaa mwaka limo, lisisahauliwe.

Limebaki suala la kuweka nyumba ya kupangisha wakfu kwa ajili ya watoto na wajukuu, ambalo dada wa Mombasa ameniuliza. Lina kisa kirefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama ya juu ya wakati huo kule London iliamua kesi ya familia moja ya Mombasa na kuubatilisha wakfu wa namna hiyo, kwa sheria iliyochotwa India. Hilo tutalisoma Ijumaa ijayo in shaa Allah, na mwenye maswali ya mikataba aniandikie, ila asiniwekee hati zake hapa mbele za watu.

Wallahu aalam.